Makaisari Juu ya Paa la Ofisi

Baba yangu alikusanya sarafu za Kirumi kijijini kwetu Kishanda, na watu wakazichukua wakaziharibu. Wanangu wameniomba niandike jambo hili kwa utulivu. Nimejaribu zaidi ya mara moja na utulivu haukuja, kwa hiyo naandika hivi hivi nilivyo.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya misheni. Ujana wake aliupitisha seminari, akasoma Kilatini mpaka akawa anaota kwa Kilatini, kisha akaacha seminari akamwoa mama yangu. Nyumbani tulimwita Tata, kama watoto wengine wa Kihaya wanavyowaita baba zao. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu.

Sarafu alizipata kwa bruda mmoja Mjerumani aliyekuwa fundi seremala wa parokia. Kwao bruda huyo ni bondeni kando ya mto ambako majeshi ya Roma yalipiga kambi zamani sana, na wakulima wa kule wakitifua udongo wa mizabibu hukutana na sarafu kama sisi tunavyokutana na vigae vya vyungu. Alikuja nazo huku ndani ya kopo la tumbaku. Yeye na Tata walijenga pamoja madarasa ya shule yetu, na wakipumzika walikuwa wakizimwaga juu ya meza ya seremala na kubishana kuhusu herufi zilizofutika.

Mwaka wa Uhuru wakubwa wake walimtaka bruda arudi kwao akapumzike. Kabla ya kuondoka alichukua ubao wa msizi, akauchimba vishimo, kila sarafu kishimo chake, akamkabidhi Tata mbele ya paroko na walimu wote.

"Wewe unajua kuzisoma," alimwambia. "Kwetu watazifungia kabatini."

Nalitaja hilo makusudi. Baadaye walijitokeza watu wa kusema hawakujua mali ile ilitoka wapi, na baadhi yao walikuwepo siku ile, wamesimama, wanapiga makofi.

Tangu hapo mapadri waliokwenda Roma wakawa wanamletea moja, mbili. Yeye aliwapa kahawa ya kutafuna aliyoichemsha mama na kuifunga vizuri kwenye majani ya mgomba. Ubao ukajaa, akachonga wa pili. Kuna sarafu za fedha nyeupe na kuna za shaba zilizogeuka kijani. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na mikono yangu ilikuwa midogo, basi kazi ya kuzipangusa ilikuwa yangu.

Majina ya Makaisari yalinishinda, kwa hiyo tuliwapa majina yetu. Wa kwanza kunikaa kichwani alikuwa Kidevu, kijana mnene anayesemwa kuwa alipiga kinanda mji wake ukiungua. Tata alinionyesha kuwa ndiye aliyeanza kupunguza fedha ndani ya sarafu akaongeza shaba, huku sura yake ikizidi kunenepa. Baada yake alikuja Shingo, mwanajeshi mwenye upara aliyetoza kodi hata mkojo wa vyoo vya mjini. Nyuma ya sarafu ya Shingo kuna mwanamke amekaa chini ya mtende, kichwa amekishika kwa mkono, analia.

"Huyu analia nini?" niliuliza.

"Ni nchi ya Wayahudi. Wameivunja, wamechoma hekalu, kisha wakachora kilio chake kwenye hela ili kila anayenunua mkate akione."

Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa kwamba hilo ni jambo baya sana. Tata alilisema polepole, kama alivyosema kila kitu. Hasira ya nyumba yetu ilikuwa kwangu na kwa mama.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa Ndevu. Huyu alizunguka milki yake yote, na kila nchi aliyofika akaitengenezea sarafu. Moja ya fedha ilikuwa na mwanamke aliyejinyoosha chini, amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkononi ameshika nge, na kando yake kuna kikapu cha ngano. Juu yake yameandikwa maandishi ambayo mtoto yeyote wa darasa la pili angeyasoma bila kujua Kilatini: AFRICA. Tata alieleza kuwa Afrika yao ilikuwa kipande tu cha kaskazini, nchi iliyolisha Roma kwa ngano yake. Watoto hawakujali. Waliisoma wakacheka kwa furaha, wakapokezana ile sarafu darasani, na haikupotea hata siku moja.

Mwisho wa ubao walikaa wale tuliowaita Miiba, kwa sababu ya mataji yao yenye miali ya jua. Walikuwa wengi na wanafanana. Askari wao waliwaua mmoja baada ya mwingine, wengine hawakumaliza hata msimu. Sarafu zao zilikuwa shaba tupu iliyopakwa fedha juu, na ukizishika sana weupe unatoka. Nyuma ya sarafu hizo mbovu ndiko kulikojaa maneno mazuri: amani, mapatano, furaha ya nyakati.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa bado na ensimbi zake, zile simbi walizonunulia ng'ombe na kuolea wake zamani, amezitia kwenye kibuyu. Tata aliziomba chache. Akapanga juu ya dawati: simbi ya bibi, heller ya Mjerumani, shilingi yenye kichwa cha mfalme wa Mwingereza, na shilingi yetu mpya yenye kichwa cha Rais. Pembeni akaweka Makaisari. Hiyo ndiyo ilikuwa historia aliyofundisha. Nimekaa kwenye madarasa mengi tangu wakati ule, kama mwanafunzi na kama mwalimu, na sijaona somo lililowaamsha watoto kuliko lile.

Sasa nifike kwenye hasira yangu.

Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu Bukoba mjini, nimepanga chumba Hamugembe, wakati maduka yalipoanza kuwa matupu. Serikali ilitangaza bei rasmi ya kila kitu. Kule kwetu Muleba duka la ushirika lilikuwa na bei ya sabuni ukutani na hakuna sabuni. Katika siku hizo hizo Tata alikuwa akifundisha darasa la saba kuhusu mwisho wa ubao wake. Aliwaambia kuwa hela ya Roma ilipoharibika, Kaisari mmoja alipanga bei ya nguo, nyama, hata ujira wa kinyozi, na atakayezidisha auawe. Watoto wakauliza ilikuwaje. Akasema vitu vilitoweka sokoni.

Hakusema zaidi. Hakuhitaji. Mtoto mmoja alikwenda nyumbani akasimulia, na baba yake akasimulia kwenye pombe ya rubisi, na maneno yakamfikia katibu kata.

Katibu kata huyu alikuwa mwanafunzi wa Tata. Nalisema hili bila kutaja jina lake, ingawa wote wa kwetu wanamjua. Tata ndiye aliyemfundisha kushika kalamu. Mama alimlisha nyumbani kwetu mwaka mzima shule ya kati ilipokuwa mbali na kwao. Alipopata cheo cha Chama alikuja kumsalimia Tata, akapiga goti, na Tata alifurahi kama aliyefaulu mwenyewe.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo alipokuja mara ya pili. Alikuja na wanamgambo, na safari hii hakuamkia mtu. Alisimama uani akasema ameletewa habari kuwa nyumba hii inaficha fedha za kigeni.

Mama alitoka jikoni, mikono ina utomvu wa ndizi. "Fedha gani, waitu? Vichwa vya wazungu waliokufa? Hata chumvi hazinunui. Umezishika mwenyewe ukiwa mtoto, ulikaa pale ukizipiga chapa kwenye udongo."

"Mama, mimi natekeleza maagizo."

"Ya nani?"

 Tata alikuwa ameshaingia chumbani, akatoka na mbao zote mbili amezibeba kama mtu anayewaletea wageni chai. Akampa. Mimi nilishika ncha ya ubao mmoja nikasema haziendi popote bila barua. Mwanamgambo mmoja akanisukuma, si kwa nguvu sana, lakini nilianguka kwenye mashina ya kahawa. Tata aliniinua akaniambia niache. Nilimchukia yule mwanamgambo kwa kunisukuma, na kwa muda mfupi nilimchukia Tata kwa kuniambia niache.

Wiki ile tuliitwa mkutanoni. Ilikuwa kipindi cha kuhamia vijijini, na watu wa upande wetu walikuwa wameamriwa waache vibanja vyao, penye migomba na makaburi ya wazee wao, wakajenge vibanda kwenye rweya, uwanda mtupu wa majani ambako hata mbuzi hanenepi. Mkutano ulifanyika huko huko rweya, juani. Mbao zimewekwa juu ya meza. Tata akaambiwa asimame aeleze.

Akaeleza. Hapo ndipo roho huniuma zaidi nikikumbuka, kwa sababu alieleza kama yuko darasani. Alidhani wakielewa watamrudishia. Akaonyesha Kidevu, akaonyesha Shingo. Watu walianza kucheka. Walikuwa wamechoka, wamepoteza migomba yao, na labda kicheko kiliwafaa. Sijawasamehe. Wengi wao walijua kusoma kwa sababu ya mtu yule waliyekuwa wakimcheka.

Katibu akaichukua ile sarafu ya Ndevu akaiinua juu.

"Ndugu wananchi, hapa pameandikwa Afrika. Na Afrika yenyewe wameilaza chini, na kikapu cha chakula kando yake, ili wao wale. Hii ndiyo anayowafundisha watoto wetu, kuabudu vichwa vya mabeberu waliofuga watumwa."

"Ni kweli wameilaza chini," Tata alisema. "Ndiyo sababu nawaonyesha. Mtoto akiona alivyolazwa, atajua kusimama."

Lilikuwa jibu zuri, na katibu alijua ni zuri. Niliuona uso wake. Angeweza kuishia hapo. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini, ambayo sisi wa mbele tuliisikia vizuri: "Na yule Kaisari wa kupanga bei, Mwalimu, naye ulikuwa unawaonyesha ili wasimame?"

Tata akamgeukia paroko. Paroko wetu, Mhaya mwenzetu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni wa heshima. Alijua sarafu zilitoka wapi, kwa maana alikuwa frateri hapo parokiani bruda alipozikabidhi. Aliangalia viatu vyake. Azimio likapitishwa kuwa vitu vile vipelekwe wilayani, na Tata aache kufundisha historia, afundishe hesabu na kilimo. Walioafiki wakanyoosha mikono. Mikono ilikuwa mingi.

Likizo ilipokwisha nilirudi Bukoba na Tata akanifuata kwa basi. Tulipita ofisi moja baada ya nyingine, yeye amevaa koti lake la misa. Kote tulikaa kwenye benchi. Kote alisema shikamoo kwa watu wadogo kwake, akidhani heshima itamfungulia njia. Ofisi moja ikasema vitu vimepelekwa mkoani. Mkoani wakasema vimeenda makumbusho Dar es Salaam. Ofisa mmoja kijana alimuuliza thamani yake kwa shilingi, Tata akasema hajui, na yule kijana akamtazama kama mpumbavu.

"Mzee, unafuatilia kitu ambacho hujui bei yake?"

"Nafuatilia vitabu vyangu," Tata alijibu.

Alirudi Kishanda. Mimi sikuacha. Nilijiambia kuwa zile za shaba hakuna anayezitaka, lakini fedha ni fedha, na mtu akitaka kuitumia ataipeleka kwa sonara. Bukoba mjini masonara hawakuwa wengi. Niliingia kwa mmoja, mzee Mhindi aliyekuwa amebaki wakati ndugu zake wameondoka, nikamweleza ninachotafuta. Alivua miwani.

"Alikuja bwana mkubwa wa Muleba," alisema. "Alileta pesa za fedha, za zamani sana. Nilimwambia, bwana, hizi usiyeyushe, hizi zina watu. Akasema ni zake, anataka bangili za mke wake."

"Ukayeyusha?"

"Nikayeyusha, binti yangu. Ningefanya nini? Siku hizi akisema mimi ni mlanguzi, kesho duka limefungwa."

Nilimuuliza kama aliona moja yenye mwanamke aliyevaa kichwa cha tembo. Alifikiri, akasema aliiona. Akafungua kiganja chake akakitazama, halafu akasema pole. Nilitoka bila kumuaga. Nilitembea mpaka ziwani, nikasimama pale nikitukana kwa Kihaya mpaka akina mama waliokuwa wakifua wakanyamaza.

Tata alikuwa amenifundisha kwamba Kaisari mpya aliweza kuyeyusha sarafu za yule aliyetangulia ili sura yake isahaulike. Lakini Kaisari alikuwa na sababu yake, hata kama ni mbaya. Huyu wetu alikuwa na sababu ya bangili.

Pasaka ile nilikwenda nyumbani. Katika misa, padri aliposema tutakiane amani, mke wa katibu aligeuka kutoka kiti cha mbele akaninyooshea mkono. Bangili zilikuwa mkononi, mbili, pana, zinang'aa. Nilizitazama, nikaweka mikono yangu nyuma. Alingoja. Watu walituona. Kisha akageuka mbele, shingo imemkakamaa. Huenda hakujua zilitoka wapi. Nimewahi kulifikiria hilo na halijanipunguzia kitu.

Za shaba nilizigundua baada ya mvua za masika. Ofisi ya kijiji kipya ilikuwa imejengwa rweya, chini ya mteremko, na njia ipitayo juu yake inakufanya uone paa lote. Misumari ya bati ilikuwa adimu miaka ile, na vile vibati vya duara vya kuweka chini ya kichwa cha msumari ili mvua isipenye havikupatikana kabisa. Watu walitumia vizibo vya soda. Kwenye paa la ofisi niliona safu ya vizibo vyenye kutu nyekundu, na baada yake safu ya kijani. Nikashuka. Upande wa nyuma bati linakaribia kugusa ukingo wa udongo, unaweza kulishika. Walikuwa Miiba. Kila mmoja ametobolewa usoni na msumari umepita. Shingo naye alikuwepo, na upande wa juu wameweka mgongo wake, kwa hiyo yule mwanamke anayelia ndiye aliyepigwa msumari, na maji ya mvua yalikuwa yamemwachia mchirizi wa kijani kuteremka kwenye bati.

Nilijaribu kumng'oa kwa vidole mpaka kucha ikapasuka. Hakutoka.

Nilimwambia Tata. Alikuwa amekaa anachambua maharage.

"Basi angalau zinazuia mvua," alisema.

"Tata, usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Unataka nifanye nini? Nipande juu ya paa la Chama na koleo?"

"Ndiyo," nilimwambia.

Akaacha maharage, akanitazama. Nadhani siku hiyo alijua kuwa sikurithi upole wake, na sijui kama alisikitika au alifurahi. Hakuzizungumzia tena. Alifundisha hesabu na kilimo mpaka alipostaafu, na watoto wa shule ile wakakariri historia ubaoni kama wengine wote.

Watu wakaruhusiwa kurudi kwenye vibanja vyao kimya kimya, kama vile hakuna aliyewahi kuwatoa. Migomba ilikuwa imezeeka bila matunzo. Katibu akapanda cheo, kisha akashuka, kisha akawa mzee wa kawaida mwenye heshima zake. Tata akaugua kifua. Alifariki kitandani kwake, na tulimzika kibanjani, karibu na bibi.

Msibani walikuja watu wengi mno. Baada ya misa, msemaji wa ukoo akatangaza kuwa wanafunzi wa zamani wa Mwalimu wamemchagua mwenzao aseme kwa niaba yao. Aliyesimama ni yule katibu. Alikuwa amevaa suti, mkononi ana leso. Akasogea mbele ya kaburi, akaanza: "Mwalimu wetu, mtu aliyetufungua macho..."

Nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye majani ya migomba. Nilisimama.

"Wewe hutasema," nilimwambia.

Watu walidhani nimepagawa na uchungu. Shangazi alinishika mkono. Nikauondoa mkono wake.

"Hutasema juu ya baba yangu. Sema kwanza uliyeyusha nini ukamvika mke wako. Sema na wengine uliwatia misumari wapi. Kisha ukae."

Sikupaza sauti. Hakukuwa na haja, kwa sababu kila mtu alikuwa amenyamaza.  Alimtazama msemaji wa ukoo ili amsaidie, naye msemaji akatazama pembeni, kama paroko alivyotazama viatu vyake siku ile juani. Mwishowe katibu alikunja leso yake akaitia mfukoni, akarudi kukaa. Mwanafunzi mwingine, mwanamke mkulima kutoka Izimbya alikoolewa, alisimama akaongea maneno machache ya kweli, tukaendelea.

Jioni baba mdogo aliniita mbele ya wazee. Akasema nimevunja heshima ya msiba, nimeaibisha ukoo mbele ya wageni, na kwamba yule bwana amekuja kwa wema, mambo ya zamani ni ya zamani. Akanitaka nimfuate kwake kesho yake nikamwombe radhi. Nilimwambia kuwa Tata aliomba vya kutosha kwa ajili yetu sote, kwenye mabenchi ya Bukoba, na mimi nilikuwepo nikimwona. Wazee walisema mengi. Sikwenda kuomba radhi kesho yake, wala mwaka uliofuata, na yule bwana naye sasa amezikwa.

Nilipotoka kwa wazee nilimkuta mama jikoni na mkungu wa ndizi mbele yake, kwa maana wageni walikuwa bado wanafika. Niliogopa kuwa naye atanikemea. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akanipa kisu, na tukaanza kumenya.